Biskuti nne, kalori 7,800: Anti, nimekosea wapi?

SWALI

Anti shikamoo. Naomba usitaje jina langu maana mawifi zangu wote wanakusoma, andika tu dada wa Tabata inatosha.

Mi nina miaka 34, watoto watatu, ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, kazi ya kusimama kutwa. Baada ya huyu mtoto wa mwisho nikajikuta kilo 83 na urefu wangu sentimita 160, nguo zote zimegoma, na mwezi wa kumi na mbili mdogo wangu anaolewa, sare imeshashonwa. Rafiki yangu akaniingiza kwenye grupu la WhatsApp la kupunguza mwili, unalipa elfu thelathini kocha anakutumia ratiba. Ratiba yenyewe Anti ni mistari mitatu tu: usizidishe kalori 1,200 kwa siku, andika kila unachokula kwenye aplikesheni, ukizidisha kesho yake jinyime ufidie. Kila usiku saa tatu tunarusha skrinshoti, ukiwa kijani unapigiwa makofi, ukiwa mwekundu kocha anakuandika jina kwa herufi kubwa watu wote wakuone.

Shida ikaanza kwenye vyakula vyetu. Nikiandika ugali inaniletea vitu sivyo, eti kikombe kimoja, mi nani kaniambia ugali unapimwa kwa kikombe? Dagaa haiwajui, mlenda ndo usiseme. Bahati nzuri shemeji yangu anaendesha malori ya masafa, hushuka mpaka Afrika Kusini, akatuletea boksi la vitu, shayiri ya kopo, maziwa ya unga na biskuti. Vyote vina namba nyuma, nikaona afadhali nile vyenye namba nisiwe nabahatisha. Asubuhi uji wa shayiri kipimo kimoja, kopo limeandika 474. Mchana mayai mawili ya kuchemsha na tango, hiyo aplikesheni inaijua yenyewe, 160. Usiku maziwa ya unga kipimo kimoja, 530. Sukari ya chai 36. Jumla 1,200 kamili Anti, sijazidisha hata moja. Jumapili tu ndo nakula na familia maana mume wangu ananuna, anasema niache mambo ya kizungu mezani kwake.

Wiki tatu hizi nimeshuka kilo tano, niko 78, kwenye grupu mi ndo mfano. Lakini nachoka mpaka nashindwa kupanda daladala. Nahisi baridi, Dar hii hii. Usiku naota chipsi mayai, yaani naota nasikia mafuta yanavyolia kwenye kikaango. Juzi mteja kanipa noti ya kumi kwa mzigo wa elfu sita, nikamhesabia noti nne za kumi kumi nikijua namrudishia elfu nne, akaondoka zake, bosi kakata kwenye mshahara.

Sasa Alhamisi nimerudi na njaa nikala biskuti nne za shemeji. Kugeuza pakiti naona 1,950. Nikaandika 1,950 mara nne, aplikesheni ikasema 7,800 yote ikawa nyekundu, sikurusha skrinshoti nikazima simu nikalia. Ijumaa nikanywa maji tu ili nifidie. Mume wangu aliponikuta nimekaa chini jikoni kizunguzungu kimenishika ndo akaniambia andikia watu wenye akili wakusaidie.

Naomba unieleweshe, biskuti moja inakuwaje na kalori nyingi kuliko chakula cha siku nzima? Hiyo kJ na kcal ni nini na nini? Mtu kama mimi natakiwa kula ngapi, na nikianza kukimbia asubuhi naruhusiwa kuongeza? Halafu nimesahau, mtoto ana miezi tisa bado ananyonya, mamamkwe anasema maziwa yamepungua kwa sababu ya hii dayati, mi naona ananionea tu.

Dada wa Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikacheka hapo kwenye biskuti, mara ya pili nikachukua kalamu nikajumlisha, kicheko kikakatika.

Watu wanaoniandikia wana tabia hii ya kuweka jambo zito mkiani, baada ya "halafu nimesahau". Unanyonyesha! Hilo ndo lilitakiwa liwe la kwanza na ndo swali la kwanza ambalo huyo kocha wako alitakiwa akuulize kabla hajapokea hata shilingi. Na mamamkwe hakuonei, najua inauma kukubali lakini safari hii bibi yuko sahihi.

Sasa hizo namba. Yale makopo ya shemeji hayajaandika kalori, yameandika kilojuli, ndo hiyo kJ. Sheria ya Afrika Kusini inataka nguvu ya chakula iandikwe kwa kilojuli, huku kwetu pakiti nyingi zinaandika zote mbili, kJ na kcal pembeni yake, kwa hiyo jicho limezoea kuona namba mbili na kuchagua moja. Kitu kinachopimwa ni kilekile, vipimo ndo viwili. Ni kama mtu wa Namanga, mfuko uleule wa sukari ukimuuliza wa upande huu anakutajia bei ya shilingi yetu, wa upande ule anakutajia ya Kenya, namba zinapishana mbali lakini mfuko haujaongezeka hata punje. Kilokalori moja, ndo hiyo kcal, ni kilojuli 4.184. Ukiona kJ gawa kwa nne na kidogo basi umepata kalori.

Hebu tugawe vya kwako. Shayiri 474 ni kalori 113. Maziwa 530 ni 127. Mayai na tango 160 ilikuwa sahihi, sukari 36 sahihi. Jumla 436.

Mwanangu, wiki tatu, ukiacha zile Jumapili, umekula kalori 436 kwa siku ukidhani umekula 1,200. Umesimama kaunta kutwa, umepika, umefua, umebeba mtoto na umemnyonyesha, kwa chakula kisichotosha hata mlo mmoja wa mchana wa mtu wa rika lako. Zile kilo tano sishangai kabisa, nashangaa ulivyokuwa bado unatembea.

Na biskuti. Ile 1,950 kwanza ni kJ, pili ni ya gramu 100, angalia juu ya safu ile pana maandishi madogo yanasema "100 g", kopo la shayiri lilikuwa na safu mbili, ya gramu 100 na ya kipimo kimoja, pakiti ya biskuti ina moja tu, hapo ndo ulipoteleza na si wewe peke yako, mimi mwenyewe navaa miwani kusoma vile vijiherufi. Pakiti kama hiyo ikiwa ya gramu 200 na ndani mna biskuti ishirini basi moja ni gramu 10, ulizokula ni gramu 40, yaani kJ 780, ukigawa unapata kalori 186. Mia na themanini na sita! Chapati moja ya kwetu ya kusukuma na mafuta inazipita hizo biskuti zote nne karibu mara mbili. Ukalia kwa 186 halafu ukashinda na maji siku nzima kuilipia. Imeniuma.

Kuna jambo lingine linachanganya watu, kcal na kalori. Kisayansi kalori yenyewe ni kitu kidogo sana na kilokalori ni elfu moja ya hizo, lakini mtaani na kwenye aplikesheni wote wanaposema kalori wanamaanisha kilokalori, wamemeza "kilo". Wewe keshia unalijua hili vizuri, mtu wa Kariakoo akikwambia "nipe kumi" hataki shilingi kumi, anataka elfu kumi. Basi ni hivyohivyo. Kocha akisema 1,200 na pakiti ikisema 1,200 kcal wanaongea kitu kimoja. Pakiti ikisema 1,200 kJ hapo ni kitu kingine kabisa, ni kama 287 tu.

Nguvu yenyewe ni nini? Ni joto. Kidato cha pili mwalimu wetu alichoma karanga moja kwenye ncha ya sindano, akaiwasha kwa kiberiti, tukadhani itazimika, ikashika moto wa njano wenye moshi mweusi, akaiweka chini ya neli ya kioo yenye maji vijiko viwili vitatu, yakaanza kutoa mvuke tukashika midomo. Karanga moja! Kalori ya chakula ni joto la kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi moja, basi, hakuna uchawi wa kizungu hapo, mwambie baba watoto. Na hiyo juli imetoka kwa bwana mmoja Muingereza, James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia kule Salford, miaka ya 1840 alifunga uzito kwenye kamba ukawa unashuka na kuzungusha makasia ndani ya maji, akapima maji yalivyopata joto, akaonyesha kwamba kazi na joto ni kitu kimoja kinachobadilika sura.

Sasa chukua ndoo yako ya lita 20. Maji ya bomba ya Dar tuseme yako nyuzi 28, unataka yachemke, nyuzi 100. Ni nyuzi 72 mara lita 20, kalori 1,440. Ishike hiyo namba.

Kuna hesabu wataalamu wa lishe wanaitumia tangu 1990 ya kukadiria mwili unatumia kiasi gani ukiwa umelala tu, hujainua hata kijiko, moyo unadunda, mapafu yanavuta, ubongo unawaza ada za shule. Kwa mwanamke ni uzito wa kilo mara 10, jumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. Wewe: 780 kujumlisha 1,000 kutoa 170 kutoa 161. Inakuja 1,449. (Mwanaume haondoi 161, anaongeza 5, mwambie mumeo naye ajipigie atulie.) Inaweza kukosea asilimia kumi hivi juu au chini maana miili haifanani, lakini inatosha kuanzia.

Umeona? Mwili wako ukiwa kitandani tu unachemsha ndoo nzima ya maji kila siku. Hiyo 1,200 ya kocha hata ungeila yote isingechemsha ndoo, na bado hujaamka kwenda Buguruni. 436 inaifikisha kwenye nyuzi 50 hivi tu, kuchemka bado mbali.

Ukishaamka unazidisha. Mtu wa kukaa ofisini anazidisha kwa 1.2, wewe wa kusimama na kazi za nyumbani tuweke 1.4, inakuja kama 2,030. Juu yake maziwa. Kutengeneza maziwa ni kazi ya mwili kama kazi nyingine, miezi sita ya mwanzo mama anahitaji kama kalori 500 za ziada kwa siku, sasa mtoto ana miezi tisa anakula na uji wake tuseme 400. Mahitaji yako basi yanazunguka 2,400. Kocha alikupa nusu. Wewe kwa bahati mbaya ya vipimo ukala chini ya robo.

Kuna jaribio moja maarufu la Marekani, chuo kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945, vita ikiendelea. Mtaalamu anaitwa Ancel Keys alichukua vijana wa kiume 36 wenye afya, wote wamejitolea, akawalisha kama kalori 1,570 kwa siku kwa muda wa miezi sita hivi, alitaka kujua njaa ya vitani inamfanya nini mtu na anatibiwaje. Wakapoteza kama robo ya uzito wao. Lakini kilichowashangaza watu si uzito, ni akili. Walihisi baridi wakati wote. Wakawa wakali na wanyonge. Walikuwa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi kama mtu anavyosoma magazeti. Jaribio lenyewe liliitwa la njaa, na ni 1,570! Sasa rudi kwenye barua yako usome tena baridi ya Dar, chipsi mayai za ndotoni na zile noti nne za kumi kumi. Hukuzembea kazini, ulikuwa na njaa.

Cha kufanya. Kesho asubuhi kabla ya duka nenda kituo cha afya, wakupime wingi wa damu, presha na sukari, uwaambie wazi kwamba umekula kidogo sana wiki tatu na unanyonyesha, usione aibu. Mwili uliokaa na njaa ukishindiliwa chakula ghafla chumvi za kwenye damu zinaweza kuvurugika, kwa hiyo usitoke hapa ukaenda kumaliza sinia la pilau. Anza leo hii kidogo kidogo mara nyingi, uji, ndizi, maziwa, wali kiasi na maharage, uongeze kila siku mpaka ufike mlo wa kawaida. Kizunguzungu kikirudi au moyo ukienda mbio usisubiri asubuhi, nenda usiku huohuo. Na waulize hospitali ya wilaya kama afisa lishe yupo, wengi hawajui kwamba hao watu wapo na ndo kazi yao hii.

Kupunguza mwili kuache mpaka maziwa yarudi. Kisha, na hapo ni kama afya imekubali, kula kama 2,000 kwa siku, upungufu wa 400. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700, kwa hiyo utashuka kilo moja na nusu hivi kwa mwezi, baadaye inapungua kasi maana mwili mwepesi unatumia kidogo. Sare ya harusi mpelekee fundi aachie mshono, fundi analipwa elfu tano.

Kuhusu ugali ambao aplikesheni haiujui, usihangaike nayo, pima unga kabla ya kupika. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360, maji hayaongezi kitu, kwa hiyo ukisonga nusu kilo hiyo sufuria ina 1,800 hata uwe mgumu au laini, mkigawana watu wanne sawasawa kila mmoja 450. Kuna jedwali la vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, Muhimbili na Taasisi ya Chakula na Lishe walilitengeneza pamoja na wenzao wa Harvard, limo ugali, limo dagaa, linapatikana bure mtandaoni, hilo ndo linalokujua wewe.

Lakini ukinisikiliza mimi, wala siyo ugali wa kuuogopa. Mmarekani mmoja, Atwater, miaka ya 1890 kule Connecticut alikuwa anawaweka watu kwenye chumba kilichofungwa siku kadhaa, wanakula wanalala humohumo huku anapima joto linalotoka mwilini mwao, na mpaka leo pakiti zote zinatumia hesabu zake: gramu ya wanga kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Pombe 7, kwa wenye nayo. Tisa! Mafuta ni zaidi ya mara mbili ya wanga, gramu kwa gramu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama 120, na sisi wanawake wa Dar hatutumii kijiko, tunainamisha dumu mpaka roho iridhike. Nenda jikoni ukamimine kama kawaida yako lakini mimina kwenye kikombe kwanza. Nilifanya hivyo mwaka juzi kwa mchicha wa watu watano, nikakuta nusu kikombe, karibu kalori elfu moja kwenye mboga ya majani, nikakaa kwenye kigoda. Sasa hivi naweka vijiko vitatu na hakuna aliyelalamika, isipokuwa mzee, na yeye analalamikia kila kitu.

Hapo ndo pa kupunguza bila mtu kulala njaa: mafuta ya mboga, sukari ya chai maana kila kijiko kidogo ni 16 na wewe unakunywa vikombe vingapi dukani, na ile soda ya saa kumi, chupa ya mililita 300 ina kama 130 na haishibishi. Chipsi mayai siikatazi maana utaiota tena, ila jua sahani moja ya mtaani inafika 900 bila jasho, kwa hiyo ni mlo kamili, siyo kitafunwa cha kusubiria chakula cha usiku. Karanga, parachichi, nazi ni vyakula vizuri sana kwako unayenyonyesha ila vina mafuta, konzi moja ya karanga ni kama 170, ujue tu unachokula.

Kukimbia je? Kimbia ukipona, ni nzuri kwa moyo na akili, lakini usiifanye hundi ya kulipia biskuti. Hapahapa kwetu, Ziwa Eyasi, watafiti walipima Wahadza na kutoa matokeo 2012, watu wanaotembea kila siku kutafuta asali, mizizi na nyama. Kila mtu akategemea watakutwa wanaunguza kalori kama tanuri. Wanaume walikutwa na kama 2,600 kwa siku, wanawake kama 1,900, na ukizingatia ukubwa wa miili yao ni karibu sawa na watu wa Marekani wanaokaa ofisini. Inaonekana mwili ukitumia sana upande mmoja unabana matumizi upande mwingine, kama mama mwenye bajeti. Ile saa ya mkononi inayokwambia umeunguza 600 kwa kuzunguka uwanja, ichukulie kama ahadi ya mwanasiasa.

Kocha. Sitamtukana, pengine naye alipewa hiyo 1,200 na mtu mwingine. Lakini namba moja kwa watu wote wa grupu, wa kilo 60 na wa kilo 100, anayenyonyesha na asiyenyonyesha, mbeba zege na mkaa ofisini, hiyo siyo ratiba. Na hilo la kumwandika mtu jina kwa herufi kubwa kwa sababu alisikia njaa, mimi limenichefua kuliko hesabu zenyewe. Elfu thelathini hesabu zimekwenda. Kabla hujatoka kwenye grupu waandikie wenzako mstari mmoja waangalie kama makopo yao ni kJ au kcal, huwezi jua, yawezekana hauko peke yako uliyekuwa "mfano".

Mumeo amefanya vizuri kukusukuma uandike, kamwambie asante, na umwambie Anti amesema Jumatatu mpaka Jumamosi nako ni siku za kula na familia. Mamamkwe muombe akupikie uji wa karanga, huyo ana hamu ya kukusaidia hajui tu aanzie wapi, na mwachie ushindi wake mdogo huu.

Ukitoka kituo cha afya niandikie wamesema nini. Na zile biskuti kama watoto hawajazimaliza, kula nne na chai ya maziwa leo jioni. Ni 186.